Wanazuoni wa Brava na zikri ya ziwa letu

Hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, usiku wa maulidi ukifika na watu wakasimama kwa zikri, mpita njia asiye Mwislamu hukata neno upesi: "Ile ni mambo ya Barabu." Na Mwislamu mwenyewe, ukimuuliza, mara nyingi anakubali, tena kwa majivuno: ndiyo, ni ya Waarabu, imetoka Maka. Mmoja anasema kwa kudharau, mwengine kwa kujisifu, lakini wote wawili wanakutana kwenye kosa moja. Zikri ya Kadiria, kwa sehemu kubwa, haikuletwa pande zetu na Waarabu. Ilienezwa pwani na mtu wa Pembe ya Afrika, mzaliwa wa mji wa Brava, kisha wanafunzi wake wakaipandisha bara mpaka Tabora, ikafika ziwani Ujiji, na toka Ujiji ikavuka maji. Katika kurasa hizi nataka kuchunguza namna tunavyoisimulia njia hiyo, na pia namna tunavyoimba leo, kwa sababu naona mambo haya mawili yamefungana: kwa kuwa tumesahau nani alitufundisha, tumesahau pia nusu ya fundisho lake.

Brava, au Barawa, ni mji wa pwani ya Somalia, kusini ya Mogadishu. Ramani inauweka Somalia, lakini ulimi wa wenyeji wake wa zamani ni ndugu ya ulimi wetu. Wanauita Chimwiini, wengine husema Chimbalazi. Pale ambapo Unguja wanasema "ki", wao wanasema "chi". Neno la Unguja "mtu" kwao ni "muuntu". Mtoto wa Uvira anayesema "mutu" nyumbani, au "mundu" kama mama yake ni Mfuliiru, atatambua kwamba huyo wa Brava hako mbali naye.

Kutoka mji huo mdogo walitoka wanazuoni wengi kuliko ukubwa wake. Sheikh Muhyiddin al-Kahtani, aliyefariki mwaka 1869, alizaliwa Brava akawa kadhi Zanzibar, na aliandika dua ya kuomba mvua kwa Kiswahili. Sheikh Abdulaziz al-Amawi (1838–1896), naye mzaliwa wa Brava, aliwekwa kadhi akiwa angali kijana sana, akatumwa na masultani kwa kazi za bara ya kusini, na tena akaanza kutengeneza kamusi ya Kiswahili na Kiarabu. Tuangalie vizuri: kadhi, mtu wa sheria, mwenye Kiarabu safi, anakaa chini kukusanya maneno ya Kiswahili. Hakuona aibu.

Lakini anayetuhusu zaidi ni Sheikh Uways bin Muhammad. Alizaliwa Brava mwaka 1847, katika watu wa Tunni. Hakuwa sharifu wala mtoto wa ukoo wa kifahari. Alisoma kwao, kisha akasafiri mpaka Baghdad, mji wa Sheikh Abdulkadir Jilani, akapewa ijaza ya tarika ya Kadiria. Aliporudi alianza kuzunguka. Katika miaka ya 1880 alikwenda Zanzibar, Sultani Barghash akampokea kwa heshima, na masultani waliofuata wakaendelea vilevile. Huko aliwapa ijaza watu wa kila namna, na wao wakaenda na njia za misafara. Mnamo mwaka 1894 Sheikh Zahur bin Muhammad, mtu wa Brava pia, alikuwa amekaa Tabora akifundisha. Na Tabora ilikuwa mlango: anayetoka Bagamoyo anapita pale, halafu Ujiji, halafu mtumbwi.

Mtumbwi huo watu wa kwetu waliujua zamani. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa nne mwaka 1858 walikuta wafanyabiashara wa Ujiji wanaifahamu njia. Hapa ndipo palikuwa mwisho wao upande wa kaskazini. Biashara ilikuwa pembe za ndovu na watu. Hili siwezi kulifunika kwa kitambaa, na msomaji Mvira au Mfuliiru hatanisamehe nikilifunika. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule ambaye wazee walimwita Rumaliza, alitawala kutoka Ujiji, akatuma watu wake wenye bunduki kwenye pwani hizi mpaka mwaka 1894, majeshi ya Leopold yalipomvunja naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Alishindana na Mwami wa Burundi asiweze, lakini huku kwetu aliacha majivu.

Hapa kuna mchanganyiko mmoja ambao nimeusikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Majina mawili, al-Barwani na al-Barawi, yanafanana sikioni. Al-Barwani ni ukoo wa Oman. Al-Barawi ni mtu wa Brava. Mmoja alikuja na bunduki, mwengine mafundisho yake yalikuja na tasbihi, na sisi katika masimulizi tumewapika chungu kimoja tukakiita "Waarabu". Sisemi kwamba watu wa Brava walikuwa malaika. Mji wao nao ulikuwa na watumwa, na Sultani aliyempokea Uways ni yuleyule ambaye misafara ya Tippu Tip ilimletea pembe. Nasema tu kwamba mtu ahukumiwe kwa tendo lake.

Vitabu navyo havitusaidii sana. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mshairi na kadhi mkuu wa Kenya kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Ni kitabu cha thamani, kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu, na bila yeye wengi wa watu hao wangebaki majina kwenye makaburi. Nani alisoma kwa nani, nani alimpa nani ijaza, nani alizikwa wapi: Farsy alijua yote. Lakini ni kitabu cha mtu aliyesimama pwani akiangalia bahari. Elimu kwake inakwenda kwa jahazi, kutoka Lamu kwenda Unguja, Unguja kwenda Ngazija, Ngazija kurudi Brava. Ikianza kutembea kwa miguu kuelekea Tabora, yeye hageuki nyuma kuitazama. Na pia alikuwa mpinzani wa bidaa. Mambo ya zikri ya kukoroma kwa pumzi hayakuwa ya kumfurahisha. Kwa hiyo msomaji wa Uvira anakifunga kitabu akijua majina ya walimu wa walimu wake, lakini mwalimu wake mwenyewe hamo.

Profesa B. G. Martin, Mmarekani, alifanya kinyume. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya tarika za Afrika za karne ya 19, alimpa Uways sura nzima, na akatazama bara. Basi tufurahi? Nusu. Martin anautafuta upinzani dhidi ya wakoloni, na mwenye kutafuta haachi kupata. Anaweka karibu jina la Uways, jina la Rumaliza, na ile barua ya Maka iliyotembea Lindi mwaka 1908 na kuwatia Wajerumani homa. Ukisoma kurasa zile unasikia harufu ya faili za maafisa wa Kijerumani, watu ambao waliona kila kundi la Waislamu wanaotikisa vichwa ni jeshi linalojipanga. Wabelgiji waliambukizwa ugonjwa huohuo: Maniema waliwachunguza wale walioitwa Muridi kama vile zikri ni baruti. Kwangu mimi hili ni kosa la kusoma. Mamia ya watu maskini wa Tabora na Ujiji, wengi wao waliokuwa watumwa jana, hawakuingia Kadiria ili kumfukuza Mjerumani tu. Waliingia kwa sababu katika halka mtu wa chini anasimama bega kwa bega na mwenye nyumba, na pumzi zao ni moja.

Mfano wazi ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Huyu alizaliwa huku kwetu, Maniema, akachukuliwa mtumwa angali mtoto, akateremshwa mpaka pwani. Kule alisoma, akawa sheikh, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa mkuu wa Kadiria ambaye watu wa pwani, wenye nasaba zao ndefu, walikuja kumbusu mkono. Tawi lake si lile la Uways, lakini mti ni mmoja. Wanafunzi wangu nikiwaeleza habari hii wananyamaza kidogo. Wamezoea kusikia barabara ile ya misafara ikichukua watu wetu. Hawakuambiwa kwamba mmoja wao aligeuka mwalimu wa waliomchukua.

Sasa nije kwenye zikri yenyewe kama inavyofanywa hapa, maana uhakiki usiogusa kitu chenyewe ni maneno tu. Ikiongozwa na khalifa anayejua kazi yake, ni jambo zuri sana. Wanaanza polepole na la ilaha illa llah, kila neno zima, sauti ya chini. Baadaye maneno yanafupishwa, linabaki jina moja. Halafu hata jina linayeyuka, inabaki pumzi inayotoka kifuani kama msumeno kwenye mbao ngumu, na juu ya pumzi hiyo mtu mmoja, mwenye sauti nyembamba, anaimba kasida. Nguvu iko pale: chini pumzi ya wengi, juu neno la mmoja. Khalifa mbovu anaharakisha, anataka vijana watoe jasho watu waone. Khalifa mwema anangoja. Nimesikia wote wawili, na tofauti ni kama ya mvuvi na mtu anayepiga maji kwa fimbo.

Lakini lile neno la juu, ni neno gani? Ni Kiarabu, na karibu hakuna anayelifahamu. Niliuliza siku moja darasani, kwa vijana wa Kiislamu wa mwaka wa sita, kasida waliyoimba Ijumaa ilisema nini. Mmoja akajibu bila kusitasita: "Tunaimbaka tu, mwalimu, hatusikiyake." Wameshika herufi kama mtu anavyoshika namba za simu. Maulidi ya Barzanji nayo inasomwa hivyo hivyo kutoka mwanzo mpaka mwisho, watu wanasimama mahali pa kusimama, wanaitikia mahali pa kuitikia, na habari ya kuzaliwa Mtume, ambayo ndiyo sababu ya kukusanyika, inapita juu ya vichwa vyao kama ndege. Na wale wanaojaribu Kiswahili wanachukua kaswida za Dar es Salaam kutoka kwenye simu, neno kwa neno, pamoja na lafudhi. Hazina ubaya, nyingine zina sauti nzuri. Ila ni nguo ya kuazima; hata bahari ndani yake ni ya chumvi.

Je, Uways na watu wake walifundisha hivyo? Hapana, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walitoa kitabu kinene kinachokusanya tenzi za dini za Brava, zilizotungwa kati ya 1890 na 1975 hivi. Tenzi hizo, wao husema "steenzi", zilitungwa kwa Chimwiini, zikaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zikaimbwa sana na wanawake majumbani. Sheikh Kasim, aliyefariki mwaka 1922, aliyekuwa mfuasi wa Uways na aliyekusanya kasida za Kiarabu kwenye kitabu chake Majmuat al-kasaid, ndiye huyohuyo aliyetunga kwa Chimwiini. Dada Masiti, mwanamke, aliyefariki mwaka 1919, alitunga utenzi juu ya kifo cha Sheikh Nureni mwaka 1909, na jina lake halijafutika Brava mpaka leo. Mwalimu Nuri alikuja baadaye, akayaweka mafundisho ya wajibu wa kila siku kwenye wimbo, ili mama anayetwanga ajifunze akitwanga.

Sizisifu zote. Kuna tenzi ndefu zinazochosha, marudio mengi, na Mwalimu Nuri wakati mwingine ni mwalimu kuliko mshairi (ugonjwa huo naujua, ni wa kazi yetu). Lakini msikilizaji wake anatoka na kitu. Kijana wangu wa mwaka wa sita anatoka na jasho.

Tena tazama jambo hili. Uways aliuawa mwezi wa nne mwaka 1909 huko Biolay, pamoja na wafuasi wake wengi, na waliomuua hawakuwa wazungu. Walikuwa Darwish wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, yule mtawala aliyepigana na Waingereza miaka ishirini, ambaye wao walimwita Mullah mwendawazimu, na ngome zake za Taleh zikapigwa kwa ndege mwanzoni mwa 1920. Sayyid alikuwa wa Salihiya. Kwake kuomba kwa kupitia mawalii na kuzuru makaburi yao kulikuwa ni upotovu. Kwa Uways kulikuwa ni adabu. Ugomvi huo tunao hapa, kati ya wazee wa maulidi na vijana waliosoma nje wanaorudi na neno bidaa mdomoni. Vijana hao wanadhani wameleta habari mpya. Wazee wanadhani ni utovu wa heshima wa siku hizi. Ni ugomvi wenye zaidi ya miaka mia moja, na damu yake ya kwanza katika ukoo wetu wa Kadiria ilimwagika Pembe ya Afrika.

Sasa, hawa wawili waliochukiana mpaka kuuana walifanana katika jambo moja. Sayyid alikuwa mshairi mkubwa wa Kisomali. Mashairi yake yalikwenda mdomo kwa mdomo jangwani, yakafanya kazi ambayo bunduki hazikuweza. Uways naye, pamoja na kasida zake za Kiarabu, alitunga kwa Kisomali na kujaribu kukiandika kwa herufi za Kiarabu, miaka mingi kabla serikali ya Somalia haijachagua herufi za Kilatini mwaka 1972. Yaani mtawala na mwanazuoni, huyu wa kuvunja makaburi na yule wa kuyazuru, wote waliona kwamba mtu wa kwao lazima asemeshwe kwa ulimi wa kwao. Sisi warithi tumegawana ugomvi wao na kuliacha lile walilokubaliana.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshapewa. Kwanza, Kiarabu kinaunganisha Waislamu wote. Ni kweli, na sijasema kiondolewe. Kasim hakukiondoa, alitunga kwa vyote viwili. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, Kiswahili chetu eti si kizuri, ni cha soko la Mulongwe, cha mavuvi na mawaketi wa magari, hakifai kumtaja Mtume. Lakini Chimwiini ni nini? Ni lugha ya mji mmoja. Haijawahi kuwa ya serikali yoyote, na tangu vita vya mwaka 1991 wenyeji wake wametawanyika Mombasa, London, Marekani. Mbele yake Kiswahili cha ziwa letu ni tajiri: kinasikika Fizi, Uvira, Buyenzi kule Bujumbura, Kalemie. Ana neno la kila upepo wa ziwa, na neno la kila samaki anayeuzwa asubuhi. Ni sisi tunaokiogopa, kwa sababu shuleni tunafundisha kwa Kifaransa, msikitini tunaimba Kiarabu, redioni tunaiga Kiswahili cha Dodoma, na ulimi wetu wenyewe tunauachia ugomvi wa jirani na matanga.

Si kwamba hakuna anayejaribu. Katika madrasa moja ya mtaani mwalimu kijana aliwaachia watoto watunge wenyewe beti chache za maulidi, kwa maneno yao, juu ya yatima aliyelelewa na babu na ami. Yatima katika mji huu, baada ya vita vyote tulivyopita tangu 1996, hana haja ya kutafsiriwa. Mistari ilikuwa ya kitoto, vina vinaponyoka, lakini mama mmoja nyuma aliacha kuongea na mwenzake akageuza shingo. Kabla ya siku yenyewe wazee wakaomba kuyaona maandishi. Hawakukataa, walisahihisha tu. Kila palipoandikwa "mutu" wakaweka "mtu", palipoandikwa "mutoto" wakaweka "mtoto", maana lazima liwe sanifu. Sasa ubeti ule ulikuwa na sauti ya kuvuta kwenye neno hilohilo. Ukivuta kwenye "mu", mdomo uko wazi na sauti inatoka, kama wanavyovuta Brava kwenye "muuntu". Ukivuta kwenye "m", midomo imefungwa. Watoto walisimama mbele ya watu wote, wakafika pale, wakafunga midomo, na ikasikika kama wanaguna.